Mafundi wa tovuti, acheni kumuuzia mteja "Disallow: /" mkidai mmemtoa Google

Wakuu, huu ubabaishaji sasa umezidi. Mteja anataka tovuti yake isionekane Google kwa muda, labda iko matengenezoni, labda toleo la majaribio limevuja. Fundi anaingia kwenye robots.txt, lile faili la kuwaelekeza roboti (programu za Google zinazopita kusoma tovuti), anaandika Disallow: / yaani "usisome chochote", anachukua hela, anasepa. Wiki kadhaa zinapita, jina la kampuni bado linatokea kwenye matokeo, safari hii bila maelezo yoyote chini yake. Mteja akilalamika anajibiwa "Google wanachelewa, vumilia." Google hawajachelewa chochote!

Robots.txt inamzuia roboti kusoma ukurasa, haimwamuru autoe kwenye matokeo. Anwani anayoijua tayari, au iliyotajwa kwenye tovuti nyingine, anaweza kuendelea kuionyesha bila kuifungua. Kibaya zaidi, kuna wanaoweka noindex, amri ya kutoonyesha ukurasa kwenye matokeo, kwenye ukurasa wenyewe halafu wanaongeza Disallow "kwa usalama". Roboti umemfungia mlango, hiyo noindex ataisomea wapi? Na nyie mnaoandika noindex ndani ya robots.txt yenyewe, Google waliacha kuitambua tangu tarehe 1 Septemba 2019. Mnamtapeli nani?

Kazi yenyewe iko hivi. Thibitisha umiliki kwenye Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti; kwa kikoa kizima unaweka rekodi ya TXT (mstari wa maandishi) kwenye DNS, yaani mipangilio ya jina la tovuti. Fungua Removals, sehemu ya maombi ya kuondoa, bonyeza New Request, weka anwani. Hapo ndipo wengi wanapoboronga, maana kuna chaguo la anwani hiyo moja tu, na lingine la kila kinachoanza na anwani hiyo. Ukibaki na la kwanza umeficha ukurasa wa mwanzo peke yake, kurasa zote za bidhaa ziko wazi. Vikoa vidogo kama blog au shop navyo vinataka ombi lao. Kwa kawaida ndani ya siku moja kazi imeisha.

Ila hilo ombi ni pazia tu. Linakaa miezi 6 hivi, na roboti anaendelea kupita nyuma yake kama kawaida. Likianguka bila wewe kuweka kizuizi cha kweli, kila kitu kinarudi. Kizuizi ni noindex kwenye ukurasa, au nywila kwenye seva, au ukurasa uondolewe kabisa utoe 404 au 410, majibu ya seva kwamba haupo. PDF haina pa kuweka lebo ya HTML, kwa hiyo hederi (maelezo ambayo seva hutuma pamoja na faili) ya X-Robots-Tag: noindex inatoka kwenye seva. Orodha za mishahara na majina ya watu ziwekewe nywila, tena leo leo. Noindex haimzuii mwenye linki kufungua.

Halafu kuna wale wanaoona anwani za http na https za tovuti moja zote zimetokea, wanaomba http iondolewe. Ombi linaficha zote mbili, yenye www na isiyo na www! Pale dawa ni kuelekeza anwani moja kwenda nyingine kwa 301 (jibu la seva la "imehama moja kwa moja"), basi.

Matengenezo ya siku moja au mbili hayahitaji hata ombi. Seva itoe 503 (haipatikani kwa muda) yenye Retry-After, yaani muda wa kujaribu tena. Ukibandika "Tunarudi hivi punde" kila ukurasa huku seva ikitoa 200 (kila kitu sawa), Google anaamini hayo ndiyo maudhui yako mapya.

Bing, injini nyingine ya utafutaji, wana chombo chao kwenye Bing Webmaster Tools, ombi la Google haliwahusu, na injini ya DuckDuckGo huchota sehemu kubwa ya matokeo yake kwao.

Siku ya kurudi hewani ndiyo vichekesho. Fundi anaghairi ombi lakini kile kiboksi cha kuzuia injini za utafutaji kwenye WordPress (mfumo wa kutengenezea tovuti), kilichoko Settings halafu Reading, bado kina tiki. Tangu toleo la 5.3 kiboksi hicho kinaweka noindex, kwa hiyo tovuti iko hewani lakini kwenye Google inatolewa ukurasa mmoja mmoja. Au anaondoa tiki, anasahau kughairi ombi, na pazia linabaki.

Wateja, msilipe mpaka fundi aendeshe curl -I (amri ya kuonyesha hederi) kwenye anwani yenu muone hederi kwa macho, afungue chanzo cha ukurasa muone noindex ilipo, na robots.txt isiwe na Disallow inayoizuia. Fundi mwenye ubishi aweke robots.txt ya mteja wake hapa tuijadili.