Mwanafunzi wangu alikuwa sahihi kuhusu pomboo, mimi nikampa kosa. Nifanyeje?

Chaki Nyeupe
Wakuu, salaam. Nafundisha sayansi darasa la sita hapa Mwanza. Nilitoa swali: chagua mnyama mmoja, eleza anavyomtambua mwenzake. Binti mmoja akachagua pomboo. Akaandika kwamba wanatambuana kwa mluzi, na pia kwa kuonja mkojo wa mwenzao majini. Hapo kwenye mkojo nikampa kosa, pembeni nikaandika "kunusa". Usiku nikatafuta, kumbe mtoto yuko sahihi. Nimrudishieje alama bila darasa kuniona sijui kazi? Siku ya tatu hii sipati usingizi.

Dagaa Kavu
Alama mbili ndizo zinakunyima usingizi, mkuu? Mimi niko Mwaloni mwaka wa 11, simtazami mteja usoni. Akisema tu "za asubuhi" nyuma yangu nishajua huyu ni wa Kahama, huyu namdai.

Boti ya Kizimkazi
Mwalimu, hapo kwenye kunusa ndipo ulipokosea kabisa. Pomboo hana uwezo wa kunusa. Pua yake ni lile tundu la utosini, na akizama hulifunga. Angenusa nini?

Mluzi ndio jina lake. Kila mmoja hujitungia wa kwake angali mdogo, na wenzake huuiga wakimtafuta. Sauti hutoka kwenye njia za hewa chini ya tundu hilo, na huisikia kupitia taya la chini. Mwaka 2013 mtafiti Jason Bruck alionyesha kuwa wanaukumbuka mluzi wa mwenzao hata baada ya kutengana miaka 20. Mwaka 2022 yeye na wenzake wakawamiminia mikojo: ule wa pomboo wanaowajua waliuonja kwa muda mrefu kuliko wa wageni. Wakapiga na mluzi kwenye spika chini ya maji. Ukiwa wa mwenye mkojo ule ule, pomboo walikaa pale zaidi. Mtoto hakubuni kitu.

Mama Kirumba
Ahsante kwa elimu, mwanangu. Ila mwalimu, umesema "bila darasa kuniona". Darasa lilijuaje? Karatasi si ya wewe na mtoto?

Chaki Nyeupe
Mama, shikamoo. Ni kweli sikueleza yote. Lile jibu nililisoma kwa sauti. Watoto 74 wakacheka, nikasema, "Basi huyu tumwite Mkojo." Jina likaganda. Wanamwita hivyo mpaka bombani. Tangu Jumanne haji shule.

Lakini mnielewe. Darasa la watoto 74, saa nane mchana, usipowachekesha kidogo wanalala. Nimeshaamua: nabadilisha alama kimyakimya, na nimenunua madaftari mawili ya kumpelekea.

Kambale wa Sengerema
Mimi mwalimu aliniita Kambale darasa la nne. Mwaka jana kwenye kivuko cha Kamanga mtu akaita "Kambale!" Nina miaka 41 na watoto wanne. Niligeuka.

Nyamagana Kwetu
Hii chai. Ziwa letu halina pomboo, mtoto wa darasa la sita aujulie wapi utafiti wa 2022? Na huyu wa Kizimkazi ametokea na majibu yote mkononi. Mtu mmoja, akaunti mbili.

Fundi Mitumbwi
Nami nilishuku. Ziwani tuna fisi maji, wale wanaotutobolea nyavu usiku na kuacha vichwa vya samaki. Babu yangu alikuwa na mmoja... nitawasimulia siku nyingine. Mwalimu, weka picha ya karatasi.

Boti ya Kizimkazi
Natembeza wageni kuangalia pomboo kila siku. Wanauliza, lazima nijue.

Chaki Nyeupe
Karatasi ya mtoto siweki hapa. Nimeshamwaibisha mara moja. Dada yake yuko chuo, ndiye aliyemsomea kwenye simu. Chini ya jibu aliandika "dada ameniambia", nami nikaupita mstari huo bila kuusoma.

Jana jioni nilienda kwao. Mama yake akanipa kiti, akauliza, "Mwalimu, mwanangu amekosa nini?" Nikasema nilikuwa napita tu, nimekuja kuwasalimu. Madaftari nikarudi nayo.

Nyamagana Kwetu
Nimefuta neno langu, mwalimu. Nisamehe. Ila kimyakimya hapana. Jina ulilitoa mbele ya watu 74.

Mama Kirumba
Jumatatu simama mstarini, useme jibu lilikuwa sahihi na wewe ndiye uliyekosea. Lakini leo, kabla giza halijaingia, rudi kwa yule mama umjibu swali lake.

Chaki Nyeupe
Nitakwenda, mama. Mtoto mwenyewe jana hakutoka chumbani. Nikifika nianzeje?

Kambale wa Sengerema
Ukiwa bado mlangoni, mwite jina lake. Kwa sauti, alisikie akiwa huko huko ndani.