Uvimbe kwenye kifuko cha mayai umegoma kupungua: nikubali upasuaji au nisubiri?

Mama wa Kampemba aliuliza:

Ndugu zangu, ninaandika kutoka Lubumbashi, nikiomba maoni ya waliopitia jambo hili au wenye ujuzi nalo. Nina umri wa miaka 34, nina mtoto mmoja, na mimi na mume wangu tunatamani kupata mwingine. Mwaka jana ekografia (picha ya ultrasound) ilionyesha uvimbe kwenye kifuko cha mayai cha kushoto, nikaambiwa kwamba mara nyingi uvimbe wa namna hiyo hunywea wenyewe baada ya hedhi mbili au tatu. Wangu haukunywea. Ekografia ya karibuni inasema una sentimita 7, ukuta wake ni laini, ndani yake si maji matupu bali kitu kizito cha kijivu kilichotanda sawasawa, na hakuna sehemu ngumu wala maji tumboni. Kipimo cha damu cha CA-125, ambacho hupanda katika baadhi ya saratani za kifuko cha mayai, kimetoa 68, ilhali karatasi ya maabara inaonyesha kwamba kawaida haizidi 35, na tangu nilipoiona namba hiyo usingizi umenipotea. Daktari wa kwanza anataka kuondoa kifuko chote. Wa pili ameniandikia vidonge vya uzazi wa mpango na kuniambia nisubiri. Mama mkwe naye amekwisha kumpata mtu wa kuniuzia mizizi. Maumivu makali ya hedhi ninayo tangu usichana. Nimsikilize nani?

Binti Katuba alijibu:

Pole sana, yaya. Uvimbe wangu ulikuwa na mafuta na nywele ndani, ule ambao madaktari huuita demoidi. Waliutoa uvimbe peke yake, wakakiacha kifuko, na baadaye nilishika mimba. Kabla ya kutia sahihi, muulize huyo daktari wa kwanza kwa nini kwako isiwezekane vivyo hivyo.

Muuguzi Mstaafu alijibu:

Binti yangu, madaktari wako wawili wanabishana juu ya tiba, lakini katika maelezo yako sijaona aliyekuambia uvimbe huo ni wa aina gani, na hapo ndipo uamuzi unapoanzia. Uvimbe unaotokana na mzunguko wa kila mwezi, hata ule uliovujia damu ndani, kwa kawaida hutoweka katika majuma machache. Uliokaa tangu mwaka jana bila kupungua yaelekea si wa jamii hiyo. Kijivu kilichotanda sawasawa, pamoja na maumivu ya hedhi ya tangu usichana, kunanifanya nifikirie endometrioma, yaani mkusanyiko wa damu ya zamani, nzito kama chokoleti iliyoyeyuka, inayotokana na tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba zilizoota mahali pasipo pake. Hata hivyo mimi sikuona picha, kwa hiyo omba ekografia ya kupitia ukeni, ifanywe na mtu aliyezoea magonjwa ya wanawake.

Kuhusu hiyo 68, kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi namba hiyo peke yake haithibitishi saratani. CA-125 hupanda kwa sababu ya endometriosisi (ugonjwa huo wa tishu zilizoota pasipo pake), fibroidi (uvimbe wa misuli ya mji wa mimba), mimba, maambukizi ya nyonga, hata hedhi yenyewe; na kifua kikuu cha tumboni, ambacho katika nchi yetu hakipaswi kusahauliwa, huipandisha sana. Mambo ambayo yangenitia hofu ni sehemu ngumu ndani ya uvimbe, vinundu vinavyoota ukutani vikiwa na mishipa ya damu, maji tumboni, au uvimbe kama huo kwa mama aliyekwisha koma hedhi. Karatasi yako haitaji sehemu ngumu wala maji. Vinundu na mishipa ya damu, waulize waziwazi.

Vidonge hupunguza maumivu, lakini haviyeyushi endometrioma wala demoidi, na ukivimeza hutashika mimba, kwa hiyo sielewi vinapatanaje na lengo lako. Mizizi iache kabisa: sijui dawa ya kunywa inayoondoa uvimbe wa namna hiyo, na figo hulipa gharama.

Mwalimu wa Kipushi alijibu:

Mke wangu alisubiri chini ya uangalizi, na sijutii. Ila kusubiri kuwe na tarehe ya ekografia inayofuata. Maumivu ya ghafla ya upande mmoja yakija pamoja na kutapika, ondokeni nyumbani saa ileile hata kama ni usiku, kwa sababu kifuko chenye uvimbe huweza kujisokota na kukatiwa damu.

Mama wa Kampemba aliandika tena:

Asanteni. Nikikubali kutolewa uvimbe tu, uzazi wangu utabaki salama? Na ni lazima nivuke mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia kutafuta upasuaji wa kamera?

Muuguzi Mstaafu alijibu:

Kifuko kimoja kizima chatosha kushika mimba. Lakini kumenya ukuta wa endometrioma huondoka na baadhi ya mayai, na upasuaji wa pili hula zaidi ya wa kwanza. Ndiyo maana kabla ya kisu ningetaka kipimo cha AMH kinachokadiria akiba ya mayai, maelezo ya kifuko cha kulia, na mbegu za mumeo zipimwe pia, maana wanaume wetu hupenda kusahauliwa hapo. Kama bado mnaweza kujaribu kupata mimba kwanza, mjadili hilo na daktari, kwa kuwa uvimbe wa upande mmoja hauzuii mimba kila mara.

Kabla ya kufikiria Zambia, tafuta maoni ya tatu katika Kliniki za Chuo Kikuu hapa mjini. Kamera huacha kovu dogo na mtu hupona upesi, lakini mkono uliozoea kupasua tumbo ni bora kuliko kamera iliyoshikwa na anayejifunza. Kwa vyovyote vile, kubalianeni mapema kwamba kilichotolewa kitapimwa kwa darubini, na mwulize nani ataipeleka chupa maabara, kwa sababu mara nyingi jamaa ndio wanaokabidhiwa kazi hiyo. Iwe na formalini, dawa ya kuhifadhi nyama iliyotolewa isioze, iandikwe jina lako, na jibu la maandishi ulichukue mwenyewe.