Bosnia: tumkodi mwongozaji wa peke yetu, tujiunge na makundi, au tuende wenyewe?

BintiMakunduchi (Leicester)

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote. Mwezi wa tisa tunakwenda Bosnia siku saba: mimi, mume wangu, mama yangu wa miaka 68 na kijana wetu wa miaka 15. Tiketi tumeshakata, tunaingilia na kutokea Sarajevo. Kinachotushughulisha ni namna ya kutembea.

Njia nilizopata ni tatu. Ya kwanza, mwongozaji wa kwao mwenye gari lake awe nasi siku zote. Niliyemwandikia ametaja euro 180 kwa siku, mafuta ndani yake. Ya pili, tulale Sarajevo na kujiunga na makundi ya kwenda na kurudi. Safari ya Mostar nimeiona kwa euro 55 kila kichwa. Ya tatu, twende wenyewe kwa treni na basi. Kwa watu wanne kundi ni 220, kwa hiyo siku ya Mostar mwongozaji wa peke yetu anatoka rahisi zaidi. Lakini siku saba ni 1,260, na hapo mume wangu anasita.

Jambo moja halina mjadala: mama anataka kufika Srebrenica, kule kulikotokea mauaji ya halaiki wakati wa vita vya Bosnia. Mwaka 1995 alikuwa akizisikiliza habari zile redioni huku akipika, na hajazisahau. Waliokwenda naomba mnisaidie.

Mkaaji_Muscat

Wa alaykum salaam, dada. Mimi nilikwenda na wazee wangu wawili, na nasema mchukue mwongozaji mwenye gari siku zote, msiwaze mara mbili. Sarajevo ni mji wa bondeni. Barabara kuu imenyooka kando ya mto Miljacka, lakini ukitaka kuona chochote cha juu, kama ile ngome ya Žuta Tabija wanakokwenda watu kutazama jua likizama, ni kupanda mlima wa mawe. Mama wa miaka 68 atapanda mara moja, mara ya pili atabaki hotelini. Na kundi halimngojei mtu. Sisi tukitaka kusali tunasimama, mzee akitaka kunyoosha miguu tunasimama, na mwongozaji wetu alijua kila msikiti wenye choo kizuri njiani. Kwa mtu mwenye wazee hayo ni makubwa.

Kijana_wa_Kibokoni (Mombasa, kwa sasa Vienna)

Mimi nilikwenda peke yangu na sikujuta. Treni ya Sarajevo kwenda Mostar ni kama saa mbili, na dirishani huondoi macho: mahandaki, madaraja, ziwa la Jablanica, kisha mto Neretva ukiwa na rangi ya kijani ambayo sijaiona penginepo. Nauli ni ndogo sana ukilinganisha na hizo euro 55. Safari ni chache kwa siku, kwa hivyo mpange siku yenu kwa kufuata ratiba yake.

Mostar msiifanye ya kwenda na kurudi. Makundi yanaingia saa nne asubuhi na kuondoka saa kumi, na kwenye Stari Most, lile daraja la kale, huwezi hata kusimama. Nililala pale, nikatoka alfajiri, darajani nilikuwa mimi na paka wawili. Mawe yake yamesuguliwa hadi yanang'aa, na yana matuta ya kuzuia watu kuteleza, lakini mama avae viatu vya mpira.

Jingine: Sarajevo ina stesheni mbili za mabasi. Kubwa iko karibu na stesheni ya treni. Ya pili iko upande wa mashariki, Lukavica, na mabasi mengi ya kwenda Serbia yanaondokea huko. Someni tiketi vizuri, mimi nilikwenda ile siyo na basi likaniacha.

BabaTatu_NBO

Sisi tulikuwa Dubrovnik, tukachukua basi la kundi kwenda Mostar kwa siku moja. Watu arobaini na kitu, mwongozaji mmoja mwenye kipaza sauti. Alitueleza kwamba daraja lilijengwa 1566 enzi za Waosmani, likabomolewa 1993, likajengwa upya na kufunguliwa 2004. Basi. Nikamuuliza nani alilibomoa, akasema "vita". Nikaona uzito wa kukaa saa kadhaa garini kwa jibu hilo.

Na kwa watakaopita njia hiyo wakiwa na pasipoti zetu za Afrika Mashariki: Kroatia imo ndani ya Schengen, lile eneo la Ulaya lenye viza moja, tangu 2023, Bosnia haimo. Ukiwa na viza ya Schengen ya kuingia mara moja, ukivuka kwenda Mostar umeshatoka, hurudi. Kwenye basi letu mama mmoja wa Kampala alishushwa mpakani kwa sababu hiyo, na kampuni iliyomuuzia tiketi haikumwambia neno. Mambo haya yanauma sana.

Nuru_Arusha

Dada wa Leicester, nimesoma habari ya mama yako nikaona niandike.

Mimi nilikuwa karani katika ile Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda hapa Arusha. Ndugu yake mkubwa ni ile ya The Hague ya Yugoslavia, iliyoundwa 1993, yetu ikafuata 1994. Yetu ndiyo ilitoa hukumu ya kwanza ya mauaji ya kimbari, kesi ya Akayesu, 1998. Na mahakama zote mbili zilipofungwa, mabaki ya kazi yakaunganishwa kwenye chombo kimoja chenye ofisi The Hague na hapa Arusha. Kwa hiyo jina la Srebrenica nililisikia kazini kwa miaka, kabla sijafikiri kama nitakanyaga pale.

Nilikwenda na mwongozaji wa peke yangu kwa siku hiyo moja tu. Kutoka Sarajevo ni kama saa tatu. Makaburi yako Potočari, nje kidogo ya mji wenyewe, mkabala na kiwanda cha zamani cha betri walichokuwa wanakaa askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Uholanzi. Mahali hapo palikuwa pametangazwa kuwa eneo salama tangu 1993. Tarehe 11 Julai 1995 mji ukaanguka, na katika siku chache zilizofuata wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 wakauawa.

Kitu ambacho nisingekielewa bila yeye ni kwa nini mazishi yanaendelea mpaka leo. Mimi nikisoma nilidhani watu walizikwa, yakaisha. Akanieleza kwamba wauaji walirudi na mashine, wakafukua makaburi ya halaiki na kuihamishia mifupa kwingine ili kuficha. Mtu mmoja akapatikana vipande vipande katika makaburi tofauti. Wakatumia vipimo vya vinasaba, damu ya mama au dada, kumkusanya. Ndiyo maana kila tarehe 11 Julai wanazika waliotambuliwa mwaka huo, na familia nyingine imeamua kuzika mfupa mmoja kwa sababu mama amezeeka na hawezi kungoja tena. Aliniambia haya tukiwa tumesimama kwenye nguzo zile nyeupe za makaburi, kisha akaniacha, akaenda kusimama peke yake kwenye moja. Sikumuuliza ya nani.

Kwa hiyo jibu langu: msilipie mwongozaji wa siku saba. Mlipieni mahali ambapo macho peke yake hayatoshi. Nina maana ya siku ya Srebrenica na siku moja ya mzingiro wa Sarajevo.

Mkaaji_Muscat

Dada Nuru, Mungu akulipe. Nakubali kuhusu Srebrenica. Lakini bado mama wa watu atapanda treni na mabegi?

Nuru_Arusha

Shekhe, treni wataipanda mara moja, na kijana wa miaka 15 ana mabega. Kinachonihofisha zaidi ni kumchukua mwongozaji yeyote kwa kuwa ana gari zuri. Bosnia ina sehemu mbili za utawala, Shirikisho na Republika Srpska ya Waserbia, na Srebrenica iko hiyo ya pili. Habari ya vita inabadilika kulingana na anayesimulia, na wapo wanaokana kwamba yalikuwa mauaji ya kimbari japo mahakama imehukumu hivyo. Kabla hujalipa, muulize kwa upole: wakati wa vita ulikuwa wapi, ulikuwa na umri gani, na Srebrenica unaielezaje? Anayeishi kwa kazi hiyo hatachukia.

Kijana_wa_Kibokoni

Naunga mkono. Nikiri pia kwamba nilitembea Sarajevo siku mbili nikikanyaga madoa mekundu barabarani nikidhani ni rangi iliyomwagika. Siku ya tatu nikaingia matembezi ya mguu yale ya bure, mwisho unatoa ulichonacho, ndipo nikaambiwa ni mashimo ya makombora yaliyoua watu, yamejazwa resini nyekundu. Wanayaita waridi za Sarajevo. Niliona haya mno. Mji ule ulizingirwa siku 1,425.

Na kama kijana wako anapenda milima, asitoke kwenye njia. Mabomu ya kutegwa ardhini hayajaisha, vibao vyekundu vyenye fuvu vipo. Huko mwongozaji ni lazima.

BintiMakunduchi

Nimewasoma wote, na mume wangu kasoma pia. Tumeafikiana: mwongozaji siku tatu, yaani Sarajevo, Srebrenica, na siku ya kuzunguka Herzegovina, upande wa Mostar, ili mama apande gari. Nyingine zote wenyewe. Hiyo ni euro 540. Wa kwanza nimemuuliza maswali ya dada Nuru akanijibu kwa mistari miwili. Wa pili alinijibu kwa ukurasa mzima, na ndiye tuliyemchukua.

Chakula je? Na pesa?

Mkaaji_Muscat

Pesa yao ni marka, moja ni karibu nusu euro kwa kiwango kisichobadilika. Bebeni taslimu, vijiduka vingi havitaki kadi. Chakula cha Baščaršija, soko la kale la Sarajevo, hakina shida: ćevapi ni nyama ya ng'ombe kwenye mkate wa somun na vitunguu. Ila mkitoka Sarajevo ulizeni, maana maeneo ya Wakroati na Waserbia nguruwe ni kawaida. Kahawa yao inakuja katika kibirika cha shaba na kipande cha rahat lokum, kitamu laini cha sukari, mama ataona yuko barazani. Na Vrelo Bosne, zile chemchemi za mto Bosna pale Ilidža, msilipie mwongozaji. Tramu inawafikisha karibu, na vibao vingi vina Kiarabu kwa wingi wa watu wa Ghuba.

BintiMakunduchi

Tumerudi wiki iliyopita, nimeona si adabu kunyamaza.

Mwongozaji wetu alikuwa na miaka tisa mzingiro ulipoanza. Alitupeleka kwenye lile handaki lililochimbwa 1993 chini ya uwanja wa ndege, lilikuwa kama mita 800, kipande kidogo ndicho kilichobaki. Mwanangu ilibidi ainame. Mwongozaji akamwambia, "Mimi nilipita wima." Kijana hakugusa simu siku nzima.

Kisha akatupeleka mahali ambapo hapamo kwenye orodha yoyote niliyosoma, bombani karibu na kiwanda cha bia, walikokuwa wakipanga foleni ya maji. Akamwonyesha mama jinsi walivyobeba madumu kwa kamba begani ili mikono ibaki huru kukimbia. Mama akamwambia kwa Kiswahili, mimi nikifasiri, kwamba Makunduchi nao walibeba maji hivyo, lakini hakuna aliyewapiga risasi.

Blagaj, ile tekija (nyumba ya masufi) chini ya jabali panapotokea mto Buna, ilimpendeza kuliko Mostar. Wanawake bebeni mtandio.

Srebrenica mama alisoma Yasini mpaka mwisho, mwongozaji amesimama nyuma yake ameshika mwavuli. Kulikuwa na mvua. Garini mama hakusema neno mpaka tulipoingia Sarajevo, halafu akaniuliza kama mama yake mwongozaji yu hai. Nikamuuliza. Akasema yu hai, na kesho yake asubuhi akatupeleka kwake kunywa kahawa, hiyo haikuwa siku ya malipo.