Ushauri: meza ya fundi saa iwe na vipimo gani?

Majira_Moro
Habari za kazi wakuu. Nataka kuchongesha meza ya kutengenezea saa za mkono. Ninayotumia sasa ni ya ofisini, kimo sm 75. Ikifika mchana shingo na mgongo vimekaza, na skrubu ikidondoka ni kupiga magoti sakafuni. Nafasi kwenye fremu ya duka ni sm 110 kwa 60. Kimo kiwe kipi, uso niweke nini, droo zikae wapi?

FundiBalansi
Mkuu, kimo kipime kwapani kwako. Kalia kiti utakachotumia, nyayo zote chini, mgongo wima, mtu apime kutoka sakafuni hadi kwapani, kisha toa sm 4. Kiti kikiwa sm 48, kwapa la mtu wa urefu wa kawaida hufika sm 94 hivi, basi meza inakuwa sm 90. Utaiona ndefu mno, usiipunguze.

Sababu ni lenzi ya kuvaa jichoni. Ya kukuza mara 4 inataka saa iwe kama sm 6 mbele yake, ya mara 10 ni sm 2.5 tu. Meza ikiwa chini, kichwa ndicho kinachoifuata saa, na shingo yako inabaki imepinda kutwa nzima.

Pia pata pa kuegemeza viwiko: ubao wa upana wa sm 12 kila upande, chini kidogo ya uso wa meza, uvalishwe sponji na kitambaa kigumu. Kiwiko kikining'inia mkono unatetemeka, na springi ya kushikilia jiwe la balansi (gurudumu dogo linaloyumba kuongoza mwendo wa saa) inaruka kwenye kibano usiione tena.

Seremala_Keko
Uso: plaiwudi mbili za mm 18 zigandishwe kwa gundi nyeupe ya mbao, zibanwe kwa jiriwa saa 24. Ongeza skrubu za mm 30 kutokea chini. Ukitumia za mm 40 zitatokeza juu. Miguu inchi 3 kwa 3, na meza ifungwe ukutani kwa boliti. Magurudumu hapana kabisa, mtikisiko wowote utauona kwenye lenzi.

Pembeni na nyuma zungushia ukingo unaopanda mm 10. Pale ukingo unapokutana na uso jaza silikoni, maana skrubu ya saa ina kipenyo kisichofika mm 1 na itazama kwenye ufa ambao wewe huuoni. Kingo ya mbele izungushwe kwa msasa, isikate mikono.

KibanoNa3
Kuhusu vinavyodondoka: usiweke droo ya kawaida katikati. Hapo weka fremu ya mbao kwenye reli, sm 7 chini ya uso, iliyowambwa kitambaa cheupe cha turubai, kilegee kidogo katikati. Ukikaa unaivuta mpaka iguse tumbo. Kikidondoka kitu kinatua kitambaani badala ya kudunda. Kitambaa kikikazwa kama ngoma kitakirusha mbali zaidi, hilo ndilo kosa la maseremala wengi. Droo za vifaa zikae kulia na kushoto, zisizidi kina cha sm 5, vifaa visipandane.

Majira_Moro
Asanteni sana. Uso nimefikiria fomaika nyeupe inayong'aa, ionyeshe uchafu. Na bisibisi nizipange kwenye utepe wa sumaku ukutani, sawa?

FundiBalansi
Zote mbili hapana. Fomaika iwe ya kijani hafifu au krimu, isiyong'aa. Ile inayong'aa inarudisha mwanga wa taa machoni.

Sumaku isikae karibu na meza hiyo. Bisibisi ikishika usumaku inaupeleka kwenye springi nyembamba ya balansi, mizunguko yake inagandana, saa inaanza kukimbia kwa dakika kadhaa kwa siku. Chonga kigogo chenye matundu, kinatosha.

KibanoNa3
Nyongeza: panga boi lisiwe juu ya meza. Linashusha vumbi kwenye mashine ya saa iliyo wazi. Kwa joto la Morogoro tumia feni ya chini, upepo uishie magotini, na saa unayoiacha hata kwa dakika mbili ifunikwe kwa glasi iliyopinduliwa. Taa iwe na mkono wa kukunja, ifungwe kushoto kama unatumia mkono wa kulia, kivuli kisiangukie ncha ya kibano.