Ujumbe wa deni la ardhi unafika, wa msamaha haufiki. Mama yangu ana miaka 74!

Wadau, nimeandika hii nikiwa na hasira.

Mama anaishi Dandora, Nairobi, kwenye ploti ambayo marehemu baba aliipata enzi za ule mradi wa Benki ya Dunia, miaka ya 1970. Anategemea ile shilingi 2,000 ya Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee, mwezi ikija, na kodi ya chumba kimoja ambacho mpangaji wake mwenyewe anasuasua. Juzi akanipa simu yake, mulika mwizi yenye kioo kilichopasuka, nimsomee ujumbe. Deni la kodi ya ardhi. Riba imepanda hadi nikaketi chini.

Nikamuuliza, si kulikuwa na msamaha majuzi tu? Ulipe deni la msingi, riba na faini zifutwe? Hakuwa na habari. Nikapekua simu yote. Jumbe za deni ziko tatu, zote kwa jina la baba. Wa msamaha hakuna hata mmoja, na namba ni ile ile!

Tukaenda ofisi ya kaunti. Benchi tangu saa mbili hadi saa sita. Dirishani tukajibiwa: "Mama, tangazo lilikuwa kwenye gazeti na mtandaoni. Muda umeisha." Mama alikunja makaratasi yake polepole, akayarudisha kwenye bahasha, hakusema neno hadi tukafika nyumbani.

Nyinyi wa kaunti, mnamjua anapodaiwa, hamumjui anapostahili kusaidiwa? Laini ile imesajiliwa kwa kitambulisho chake, na kwa kitambulisho hicho hicho analipwa pesa za wazee. Mkilinganisha orodha ya wadaiwa na ile ya wazee wanaolipwa mtawapata wajane wangapi mtaa mmoja tu? Nilipolitaja hilo nikaambiwa sheria ya data inakataza. Sheria ya 2019 nimeisoma: mwenyewe akiridhia inaruhusu, na ofisi ya umma ikifanya kazi ya manufaa kwa umma inaruhusu. Ploti zilizobaki kwa majina ya marehemu hazitalingana zote, sawa. Hizo mpeni chifu na wazee wa Nyumba Kumi, wanajua nani anaishi wapi.

Uingereza, tangu Aprili 2013, kila halmashauri ya England ina mpango wake wa kuwapunguzia maskini kodi ya makazi. Serikali kuu huzipa taarifa za wanaopokea Universal Credit, yaani ruzuku ya wenye kipato kidogo, na bado wengi hukosa kwa sababu hawakuomba. Kwa hiyo kuna halmashauri zinazochambua data zao wenyewe, kisha zinamwandikia mtu: unastahili, njoo. Hapa kwetu anayeandikiwa ni mdaiwa.

Naomba msaada. Kuna aliyewahi kumwombea mzazi msamaha baada ya muda kupita? Barua uliielekeza kwa nani, na uliambatanisha nini? Stakabadhi za baba tunazo zote, na cheti cha kifo kipo.