Dada hapandi boti tangu 2011, hii tiba ya kuchezesha macho ni kweli?

BintiWete:
Asalaam aleikum ndugu zangu. Mie kwetu Wete ila nakaa Unguja na dada yangu mkubwa. Dada alikuwemo kwenye Spice Islander, ile meli iliyozama Septemba 2011 ikienda Pemba, alhamdulillah alitoka, kashikilia godoro mpaka asubuhi. Tangu siku ile hajakanyaga boti, bibi yetu kafa Pemba hakwenda kuzika, tukasema basi apande ndege, kafika uwanjani kakumbuka mpaka Chake chini ni maji matupu, karudi na begi lake. Usiku anashtuka anasema maji yanaingia, akipita Malindi bandarini akisikia harufu ya dizeli mikono inamtetemeka. Kasomewa, kombe kanywa, anapata nafuu siku mbili tatu kisha yaleyale. Sasa binamu yetu yuko Uingereza anasema kule watu wa mshtuko kama huu wanatibiwa kwa kufuata kidole cha mtaalamu kwa macho, inaitwa EMDR. Mama kasikia kasema huo ni uganga wa kulazwa usingizi. Kuna anayejua?

Shangazi_Nesi:
Wa aleikum salaam mwanangu, mpe pole sana dada. Mwambie mama halazwi usingizi, anakuwa macho na akili zake zote na akisema basi inasimamishwa. Alieianzisha ni mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, mwaka 1987 alikuwa anatembea bustanini na mawazo yanamuandama, akaona macho yake yakenda huku na huku mawazo yanapungua ukali, 1989 akatoa utafiti wake wa kwanza. Na Shirika la Afya Duniani 2013 liliitaja miongoni mwa tiba za watu waliobakiwa na kiwewe baada ya maafa, kwaio si jambo la kuokota mtandaoni.

Inavofanya kazi, wengi wanaelezea hivi: akili ya papo kwa papo ni kama sinia dogo, halibebi vyombo vingi. Ukiwa unalikumbuka lile tukio na huku macho yanakimbizana na kidole, picha inakosa nafasi, inafifia, na inarudi kuwekwa imefifia. Hasahau, ila haimng'ati tena kama zamani.

Mvuvi_wa_Tumbe:
Mie nimefanyiwa Nairobi baada ya ajali ya gari, nakwambia ukweli dada angu. Siku mbili za mwanzo hatukugusa macho kabisa, tumeongea tu, mtaalamu akanifundisha namna ya kujituliza, mana hatua zake ziko nane na hizo za mwanzo ndo msingi. Baadae akaniambia nishike picha moja iliyo mbaya zaidi, mie ilikuwa kioo kinavunjika, nikaipa alama kutoka 0 mpaka 10, nikasema 9. Tukaanza, kidole kushoto kulia kama nusu dakika, anasimama, ananiuliza kumekuja nini, tunaendelea. Macho yakichoka ananigongagonga viganja kwa zamu. Kikao kama saa moja na nusu. Usiku wa kwanza niliota vibaya kuliko kawaida, hilo mjiandae nalo, asilale peke yake. Kikao cha sita ile picha nikaipa 2. Skuizi naendesha.

Msomi_Chake:
Mie naiamini ila tusiipambe. Wataalamu mpaka leo wanabishana kama siri iko kwenye macho au ni kule kulikabili tukio taratibu ukiwa na mtu unaemuamini. Halafu ushahidi wake mkubwa uko kwa watu wa kiwewe kama dada yako, kwa wahaka wa kawaida hauna nguvu kiasi hicho. Na jamani asijaribu kwa video za YouTube chumbani, atalifungua tukio kisha nani atamsaidia kulifunga?

BintiWete:
Nawashukuru sana wallahi. Nimemsomea dada yote, kanyamaza muda mrefu, kisha kauliza kitu kimoja tu, lazima amwambie mtu nani alikuwa kamshika mkono ndani ya maji? Mie mwenyewe leo ndo nasikia kuwa kuna mtu alimshika mkono.

Shangazi_Nesi:
Subhanallah. Mwambie si lazima mwanangu, na hii ndo sababu naipenda tiba hii, hatakiwi kuhadithia kila kitu. Anaishika picha moyoni mwake, anasema tu kinachobadilika, mwili unahisi nini, kifua kimebana au kimeachia. Aanzie Kidongo Chekundu, hospitali ya akili hapo Unguja, na msiogope maneno ya mtaani kuwa kule wanakwenda vichaa, ni hospitali na watu wa wasiwasi na kukosa usingizi wanatibiwa vilevile. Ulizeni kama kuna aliefunzwa hii, na kama hayupo wawaelekeze kwa mtaalamu wa kiwewe, ziko njia nyengine za kuongea zilizothibitishwa. Na kisomo asiache kama kinamtuliza, hakigombani na tiba.

BintiWete:
Kakubali twende Jumatatu. Kasema nikae mlangoni nisiingie.