Kabatizwa Dar, Komunio ya Kwanza anapatia Ireland: cheti nakitafuta parokia ipi?

MamaBaraka_Tabata
Tumsifu Yesu Kristo. Wadau mnaojua mambo ya Kanisa la Ireland, naomba mwongozo. Mtoto wa mdogo wangu ana miaka 7, yuko darasa la pili kwenye shule ya msingi ya Kikatoliki huko Dublin. Alibatizwa hapa Dar, kwenye kigango ambacho siku hizi ni parokia kamili. Shule imetangaza kwamba huu ni mwaka wao wa Komunio ya Kwanza, ila wazazi waende wenyewe kujiandikisha parokiani, cheti cha ubatizo mkononi. Wa kukifuatilia huku ni mimi.

Sasa, kama shule ni ya Kikatoliki, parokia tena ya nini? Cheti nakitafuta wapi? Na miaka 7 si mapema mno? Na wakirudi Dar kabla ya Kipaimara, mtoto atatambuliwa au ataanzishwa mafundisho upya?

Mdau_Dublin
Milele amina, dada. Naanza na umri, maana ndio unaowashtua wengi. Darasa la pili la kule si hili letu. Kabla ya darasa la kwanza kuna miaka 2 ya awali ndani ya shule hiyohiyo, kwa hiyo mtoto yuko mwaka wa nne shuleni. Komunio hupewa darasa la pili, wakiwa na miaka 7 au 8, na Kipaimara darasa la sita, miaka 11 au 12. Sheria ya Kanisa haidai mtoto afike miaka 10. Tangu Papa Pius X alipotoa agizo lake mwaka 1910, kipimo ni mtoto kuanza kutumia akili, yaani miaka 7 hivi. Kwetu Tanzania tunawachelewesha kwa utaratibu wetu tu.

Kuhusu shule: karibu shule 9 kati ya 10 za msingi Ireland ziko chini ya Kanisa Katoliki, na kwa kawaida msimamizi wake mkuu ni askofu wa jimbo. Lakini walimu wanalipwa na serikali. Zamani mwalimu wa darasa alibeba yote, hadi kuwapanga watoto mistari kanisani na kuwanyamazisha. Leo darasani wamo Waislamu, Wahindu, Waorthodoksi na wasio na dini kabisa, na katiba yao, ibara ya 44, inampa mtoto haki ya kusoma shule ya fedha za umma bila kuhudhuria kipindi cha dini. Mwalimu hawezi tena kuchukulia kwamba darasa zima linaandaliwa. Ndiyo maana parokia nyingi zimeivuta kazi ya usajili kwao. Binafsi naona ni sawa, kwa sababu sheria ya Kanisa toka mwanzo imeweka jukumu hili kwa wazazi na paroko. Tatizo ni mzazi anayetulia akidhani shule imeshamwandikisha mtoto. Anakuja kushtuka wakati wa Kwaresima, orodha ya Kitubio (maungamo) imetoka na jina la mwanawe halimo.

Kwa kawaida usajili ni Septemba na Oktoba. Kisha kuna Misa za familia zinazoandaliwa kwa ajili ya watoto hao, mara nyingi moja kila mwezi, na vikao vya wazazi. Kitubio cha kwanza huangukia karibu na Kwaresima, Komunio yenyewe Jumamosi za Mei. Parokia yenye shule kadhaa hugawa tarehe, kwa hiyo mdogo wako asikate tiketi ya bibi kabla hajaijua tarehe ya shule ya mtoto.

Kukaririshwa katekisimu kwa maswali na majibu hakupo, na mtihani wa mdomo hakuna. Mtoto ajue Baba Yetu, Salamu Maria, Atukuzwe, sala ya kutubu na viitikio vya Misa. Mkimsikia anasali "Sé do bheatha, a Mhuire" msishangae, ni Salamu Maria kwa Kiayalandi.

Katekista_Kimara
Mdau kamaliza ya kule. Mimi nakuja kwenye cheti, hapo ndipo watu wanapozungushwa wiki nzima.

Dada, tafuta kwanza jambo moja: ubatizo ulifanyika kabla au baada ya kigango kupandishwa kuwa parokia? Aliyebatizwa kigangoni huandikwa kwenye kitabu cha parokia mama, yaani ile inayokisimamia kigango. Siku kigango kinapokuwa parokia kinafungua kitabu chake kipya, na kile cha zamani kinabaki parokia mama. Kwa hiyo unaweza kwenda kanisa lilelile alikomwagiwa maji ukaambiwa jina halipo, na katibu hajakosea.

Nenda na jina la ubatizo, tarehe, majina ya wazazi na ya msimamizi wa ubatizo. Ukiwa na hata picha ya cheti cha zamani, namba ya kitabu iliyo juu yake inamaliza kazi kwa dakika 5. Tarehe ikiwa imesahaulika, taja angalau mwaka na kipindi (Pasaka? Krismasi?), vinginevyo katibu atafunua kurasa moja moja huku foleni ya watu wa ndoa ikimsubiri. Piga simu kwanza. Ofisi nyingi hazifanyi kazi Jumatatu.

Ukiulizwa barua ya jumuiya (kikundi cha waumini wa mtaa), eleza kwa upole kwamba wazazi wako nje na unachoomba ni nakala ya kumbukumbu iliyokwishaandikwa, si huduma mpya. Wakishikilia, mwone mwenyekiti wa jumuiya yako akuandikie. Ni rahisi kuliko kubishana dirishani.

Kabla hujaondoka dirishani soma cheti herufi kwa herufi ukilinganisha na pasipoti ya mtoto. Kitabuni yupo "Theresia Yosefu", kwenye pasipoti ni "Theresa Joseph" pamoja na jina la ukoo. Usimwombe katibu asahihishe, kitabu hakifutwi hivyo. Omba barua fupi ya paroko, yenye muhuri, kwamba hayo ni majina ya mtu mmoja, kisha ambatanisha cheti cha kuzaliwa cha RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi). Kama fomu ya cheti ni ya Kiswahili, barua hiyohiyo iandikwe Kiingereza itaje tarehe, mahali na namba ya kitabu.

Cheti kiskaniwe kwa rangi. Muhuri wa zambarau ukipigwa fotokopi nyeusi unageuka kivuli cha kijivu, na katibu wa kule atakurudisha ulikotoka.

Kuhusu kurudi: Kipaimara, ndoa, daraja takatifu na nadhiri za daima hunukuliwa pembeni ya jina kwenye kitabu cha ubatizo. Komunio ya Kwanza haimo kwenye orodha hiyo. Maana yake, hata ukifungua kitabu cha Dar hutakuta alama yoyote kwamba alikomunika Dublin. Mama yake aombe barua au cheti cha Komunio kutoka ofisi ya parokia, si shuleni. Picha ya gauni jeupe haitoshi. Akiwa nayo, huku anaingia moja kwa moja darasa la Kipaimara. Katekista atampima sala, kwa hiyo azijue na za Kiswahili.

Akipata Kipaimara huko huko, parokia ya Ireland inatakiwa kuituma taarifa kwa paroko wa alikobatizwa. Barua ya kutoka Dublin hadi Dar hupotea, au haiandikwi kabisa. Fuatilieni mwaka uleule, la sivyo litaibuka siku anataka kufunga ndoa.

Wakili_Kijiweni
Nyongeza ndogo. Mdogo wako asije akadhani cheti hicho cha ubatizo kinalinda nafasi ya mtoto shuleni. Sheria ya udahili ya Ireland ya mwaka 2018 iliziondolea shule za msingi za Kikatoliki ruhusa ya kutanguliza waliobatizwa pale nafasi zinapokuwa chache. Ni karatasi ya sakramenti tu.

MamaBaraka_Tabata
Asanteni sana, nimeelewa kwamba naanzia parokia mama. La mwisho: Komunio inahitaji msimamizi? Na sisi wa huku tutaonaje Misa?

Mdau_Dublin
Komunio haihitaji. Msimamizi ni wa Kipaimara: awe na miaka 16 kwenda juu, Mkatoliki aliyekwishapata Kipaimara na Ekaristi, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Mlio Dar msijipange kwa hili.

Parokia nyingi kule zina kamera kanisani na Misa inarushwa kwenye tovuti yao. Mei mko mbele kwa saa 2, kwa hiyo Misa ya saa 5 asubuhi yao nyie ni saa 7 mchana. Ila mdogo wako aulize mapema, kuna parokia zinazoizima kamera siku ya watoto kwa kanuni za ulinzi wa watoto, na hapo mtategemea simu ya mtu aliyeko ndani, kama padri ameruhusu kupiga picha.